Bandama Lililohama

Nyamarambe iko Mugirango Kusini, kwenye mteremko ambapo milima ya Gusii huanza kuipisha nchi ya chini ya Homa Bay na Migori. Ukipanda kuelekea Kisii mjini na Nyamira, baridi ya usiku humchelewesha kimelea wa malaria ndani ya mbu, na mara nyingi mbu hufa kabla kimelea hajakomaa. Ukishuka kuelekea Ziwa Viktoria, malaria ni ya mwaka mzima. Mtu wa Nyamarambe yuko kati ya hali hizi mbili, na hapo kati ndipo pagumu: malaria haimjii mara kwa mara kiasi cha kuuzoesha mwili tangu utotoni, wala haimwachi kiasi cha kusahaulika. Mvua zikizidi na joto likapanda kidogo, ugonjwa hulipuka na kuwalaza watoto na watu wazima pamoja, kama ilivyotokea mwaka 2002 Gucha, Kisii na wilaya nyingine za nyanda za juu magharibi mwa Kenya.

Nimeanza na mbu kwa sababu sura hii ni ya bandama, na katika sehemu hii ya dunia bandama na mbu ni wapinzani wa tangu jadi.

Bandama la mtu mzima mwenye afya lina uzito wa gramu 150 hadi 200. Hukaa juu kushoto, nyuma ya mfuko wa chakula, chini ya kiwambo, likilindwa na mbavu ya tisa hadi ya kumi na moja. Huwezi kuligusa kwa mkono. Damu hupita ndani yake katika njia nyembamba mno, na humo kila seli nyekundu hupimwa: iliyochakaa huvunjwa, na iliyobeba kimelea hukamatwa. Wakati mwingine bandama hufanya kazi ya ajabu zaidi. Humng'oa kimelea kutoka ndani ya seli, kisha huirudisha seli kwenye mzunguko ikiwa hai. Malaria inapomrudia mtu tena na tena, bandama huvimba kwa kazi hiyo, likachungulia chini ya mbavu na pengine likafika kitovuni. Katika miaka ya 1840 daktari Mwingereza aitwaye Dempster alipita vijijini nchini India akiwabonyeza watu tumboni, ili ajue kutokana na idadi ya mabandama yaliyovimba ni mahali gani palikuwa na homa nyingi. Njia hiyo ilisambaa, na kwa vizazi kadhaa wataalamu wa malaria waliifahamu nchi kwa vidole vyao.

Kuna watu ambao kinga yao huipokea malaria kwa nguvu kupita kiasi, na bandama lao huendelea kukua hata damu ikipimwa isionekane kimelea. Katika miaka ya 1980 Kevin De Cock na wenzake walichunguza mjini Nairobi wagonjwa wenye bandama kubwa la muda mrefu, wakaichapisha kazi yao mwaka 1987. Baadhi yao walikuwa na hali hii ya malaria, na wengine bandama lilikuwa limevimbishwa na shinikizo katika mshipa wa ini. Nataka jambo hili likae wazi kabla hatujafika kwenye kisu: bandama kubwa la malaria hutibiwa kwa dawa ya kuzuia malaria inayotumiwa kwa miezi mingi, na hupungua. Kulikata kwa sababu ya ukubwa peke yake ni kumpokonya mgonjwa silaha akiwa bado vitani.

Lakini ukubwa una madhara mengine ambayo wengi hawayafikirii. Bandama halikushikamana na mwili lenyewe. Limeshikiliwa na mikunjo ya utando na kano. Mmoja hulifunga kwenye mfuko wa chakula, mwingine hulifunga nyuma karibu na figo la kushoto, na chini yake kuna kano inayotoka kwenye utumbo mpana hadi kwenye kiwambo, ambayo bandama huikalia. Kuna watoto wanaozaliwa bila vishikizo hivi kukamilika: walipokuwa wakiumbwa tumboni mwa mama, utando uliopaswa kugandamana na ukuta wa nyuma haukugandamana. Wengine huzaliwa navyo vikiwa imara, kisha vikalegea baadaye, kwa homoni za ujauzito, kwa misuli ya tumbo iliyochoka baada ya uzazi, au kwa sababu bandama lililovimba limevivuta kwa uzito wake miaka na miaka. Kwa watu wazima, wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 40 ndio wanaopatwa zaidi. Bandama lililopoteza mashiko huacha pango lake juu kushoto, likateremka hadi kitovuni au hata nyongani, likining'inia kwa mishipa yake ya damu tu kama parachichi kwenye kikonyo kirefu.

Hali hii ni adimu sana. Hata kati ya watu wanaotolewa bandama, walio na bandama lililohama hawafiki 2 katika kila 1,000. Kwa kuwa ni adimu, daktari anaweza kustaafu bila kukutana nayo, na akikutana nayo asiitambue.

Kinachoifanya kuwa hatari ni kile kikonyo. Mgonjwa akigeuka kitandani, akiinama shambani, au utumbo ukisukuma tu, bandama linaweza kuzunguka na kukisokota. Vena, ambayo ukuta wake ni mwembamba, huzibwa kwanza. Ateri bado inasukuma. Damu huingia isipate pa kutokea, bandama hujaa na kuvimba, utando wake hukazwa, na maumivu huanza. Mzunguko ukiongezeka, ateri nayo hufungwa, na kuanzia hapo nyama ya bandama inakufa. Kuna wagonjwa ambao husokotwa nusu kisha wakafunguka wenyewe, wakaishi miaka mingi na tumbo linalouma na kuacha. Hupewa dawa za vidonda vya tumbo, za minyoo, za amiba. Nguvu za wengine huisha kwa kwenda na kurudi zahanatini, na wakati mwingine kwa kuambiwa kwamba hawana ugonjwa.

Tuseme basi mwanamke wa Nyamarambe anafika kwenye kituo cha afya akiwa ameshika tumbo, na chini ya kitovu kuna uvimbe mgumu. Afisa wa kliniki atafikiria kwanza yale anayoyaona kila wiki: uvimbe wa ovari, faibroidi, mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba. Ni sawa aanze na hayo, kwa kuwa mimba ya namna hiyo huua haraka zaidi. Lakini akiupapasa uvimbe kwa utulivu, kuna mambo matatu ambayo mikono pekee inaweza kuyagundua. La kwanza ni ukingo wenye pengo. Bandama lina mikato kwenye ukingo wake wa mbele, na hakuna uvimbe wa ovari ulio nayo. La pili ni namna unavyosogea. Ukiusukuma chini au kulia, mgonjwa hulia kwa maumivu kwa sababu kikonyo kinavutwa, ila ukiusukuma juu kushoto, kuelekea kwao, maumivu hupungua. La tatu ni sauti. Ukigonga kwa kidole juu ya mbavu za kushoto, mahali ambapo bandama lingetoa sauti nzito, unasikia sauti ya kitu kitupu, kwa sababu utumbo wenye hewa umeingia kwenye nafasi iliyoachwa wazi.

Nazipenda dalili hizi tatu. Hazidai umeme, wala vitendanishi, wala bili. Zinadai dakika chache na mtu aliyefundishwa kwamba jambo hili lipo.

Baada ya mikono, mashine inayohitajika ni ile ile inayomwangalia mtoto tumboni mwa mama kliniki. Ultrasaundi itaonyesha uvimbe wenye umbo la bandama mahali pasipo pake, na ikiwa ina uwezo wa kuonyesha mwendo wa damu, itaonyesha kama damu bado inapita. Kosa linalofanyika ni kwamba mpimaji aliyeambiwa aangalie nyonga huangalia nyonga pekee. Kama kila anayepima uvimbe wa nyonga usioeleweka angepandisha kifaa hadi chini ya mbavu za kushoto na kujiuliza kama bandama lipo, wagonjwa wengi wangefika chumba cha upasuaji na jina sahihi la ugonjwa wao. Sitiskani, pale inapopatikana, huonyesha hata mizunguko ya kikonyo yenyewe.

Habari za bandama lililohama ni za zamani. Mholanzi Van Horne aliliona mwaka 1667 katika maiti aliyoipasua. Zilipita zaidi ya karne mbili kabla mtu hajathubutu kulifuata ndani ya mwili ulio hai: mwaka 1877 Martin, nchini Ujerumani, alilikata na kulitoa. Huku kwetu, miaka miwili tu baadaye, mwaka 1879, Robert Felkin, aliyekuwa akisomea udaktari Uingereza, alishuhudia huko Kahura, Bunyoro, mpasuaji wa kienyeji akimfungua tumbo mama aliyeshindwa kujifungua. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi hadi akalegea, na kwa pombe hiyo hiyo mpasuaji alinawa mikono na kuliosha tumbo. Jeraha lilifungwa kwa pini za chuma, na Felkin alipoondoka siku 11 baadaye mama na mtoto walikuwa hai. Nalitaja hili kwa sababu bado kuna watu wanaosimulia upasuaji kana kwamba ulishuka Afrika Mashariki kwa meli.

Abagusii hawahitaji kukumbushwa. Ababari, wapasuaji wao wa kichwa, walikuwa wakiondoa kipande cha fuvu la mtu aliyeteswa na maumivu baada ya kupigwa au kuanguka, wakikwangua mfupa polepole hadi karibu na utando wa ubongo bila kuutoboa. J. G. Grounds aliandika habari zao mwaka 1958 katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki, na Edward Margetts, daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa Nairobi, akaongeza mengi miaka ya 1960. Kinachonivutia katika maandishi hayo ni subira yao zaidi ya ujasiri wao. Omobari alijua mahali pa kusimama. Alichukua mfupa, akauacha utando.

Subira ya aina hiyo ndiyo ambayo upasuaji wa bandama ulichelewa kuipata. Mwaka 1895 mpasuaji wa Poland, Ludwik Rydygier, aliliangalia bandama lililohama na kuamua kutolikata. Alifungua mfuko nyuma ya utando wa tumbo, juu kushoto, akaliingiza bandama humo na kushona mlango. Lilikuwa wazo zuri sana, na kwa zaidi ya nusu karne wengi hawakulifuata. Kukata kulikuwa kwepesi zaidi, na vitabu vilisema mtu anaweza kuishi vizuri bila bandama. Mwaka 1952, nchini Marekani, Harold King na Harris Shumacker waliripoti kuhusu watoto wachanga waliotolewa bandama, kisha wakapatwa na maambukizi makali ya bakteria kwenye damu. Baada ya hapo ilibainika kwamba hatari hiyo haiishi utotoni. Mtu asiye na bandama anaweza kuamka na homa asubuhi, akawa mahututi jioni.

Basi swali ambalo mpasuaji hujiuliza leo ni moja: je, bandama hili bado liko hai?

Mgonjwa hupewa nusukaputi. Tumbo hufunguliwa kwa mkato wa katikati, au, mahali penye vifaa na mafunzo, kwa matundu madogo na kamera. Mpasuaji huliinua bandama, akahesabu mizunguko ya kikonyo, akakifungua kwa kukizungusha upande wa pili. Kisha hulifunika kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu, akangoja. Kungoja huku ni sehemu ya upasuaji, ingawa hakuna kinachokatwa. Bandama lililonyimwa damu huwa jeusi la zambarau. Kama linaweza kupona, rangi hubadilika polepole, kwanza pembezoni karibu na mishipa, na mapigo ya ateri husikika tena chini ya vidole. Mpasuaji mwenye haraka huliona jeusi, akalikata.

Likirudi kuwa hai, linafungwa mahali pake. Kulishona lenyewe ukutani ni hatari: nyama yake ni laini, imejaa damu, uzi huipasua na damu haikatiki kwa urahisi. Ndiyo maana mfuko wa Rydygier unatumika hadi sasa. Utando wa ukuta wa nyuma hukatwa, nafasi hupanuliwa kwa vidole, bandama huingizwa, na mlango hushonwa kwa kiasi cha kulizuia lisitoke bila kukibana kikonyo. Njia nyingine ni wavu wa kitabibu, aghalabu ule unaoyeyuka wenyewe baada ya wiki kadhaa. Bandama hufungwa ndani ya wavu, na wavu ndio unaoshonwa kwenye kiwambo na ukuta wa ubavuni. Wavu ukishayeyuka, makovu yaliyojijenga kulizunguka bandama ndiyo yanayolishikilia. Kabla hajafunga tumbo, mpasuaji hukagua mfuko wa chakula, kwa kuwa kano zilizolegea upande wa bandama huweza kuwa zimelegea na upande huo, na mfuko wa chakula nao unaweza kuja kujisokota.

Lisipopona, halina budi kutoka. Wapasuaji wengi wanapoona bandama limekwisha kufa hukibana kikonyo kabla ya kukifungua, ili mabonge ya damu yasirudi mwilini. Kisha hutazama ncha ya kongosho, ambayo mara nyingi huvutwa ndani ya kikonyo kirefu na hujeruhiwa kwa urahisi. Na lipo jambo ambalo wapasuaji wa nchi za malaria hulijua kuliko waliolifundisha vitabuni: bandama lililovimba kwa malaria ya miaka linaweza kuwa hai kabisa, lakini likawa kubwa mno kuingia katika mfuko wowote. Hapo uamuzi ni mgumu, na sioni kwamba kanuni moja inatosha. Kwa mtoto, ningetaka kila njia ijaribiwe kabla ya kulitoa.

Nasema hivyo kwa sababu ya pale tulipoanzia. Nchini Malawi, watafiti waliwafuatilia watu wazima 33 waliokuwa wametolewa bandama, na utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba watu hao walipata homa zenye vimelea vya malaria mara nyingi kuliko watu wa nyumbani mwao wenye mabandama. Mtu wa London aliyetolewa bandama anaogopa bakteria. Mtu wa Nyamarambe anaogopa bakteria na mbu.

Saa ndizo zinazoamua kama mgonjwa atarudishiwa bandama lake au atatolewa, na saa hizo nyingi hupotea kabla hajamwona mpasuaji. Mugirango Kusini ina hospitali ya misheni ya Mtakatifu Kamillo pale Tabaka, karibu na machimbo ya mawe ya kuchonga. Kisii mjini kuna hospitali ya mafunzo na rufaa, iliyoanza mwaka 1916 kuwatibu wanajeshi wa vita vya Waingereza na Wajerumani. Upasuaji huu hauhitaji ndege ya kwenda Nairobi wala India. Unahitaji mpasuaji wa kawaida aliyefundishwa vyema, damu ya akiba, nusukaputi salama, na rufaa iliyoandikwa siku ile ile badala ya “rudi Jumatatu”. Familia inayosikia neno upasuaji huanza kuita mkutano, kumpigia simu mtoto aliye Nairobi, kuulizana kama ng'ombe auzwe. Naielewa familia hiyo. Ndiyo maana anayewaeleza anapaswa kuwaambia wazi, kwa maneno yao: “Mama, bandama lako limejisokota. Tukienda leo, huenda likarudishwa mahali pake. Tukingoja, litatolewa.”

Aliyerudishiwa bandama hupimwa tena kwa ultrasaundi baada ya wiki kadhaa kuona kama limekaa na kama damu inapita, kisha maisha huendelea, shamba na uzazi pia. Aliyetolewa anarudi nyumbani na kazi ya maisha yote. Anahitaji chanjo dhidi ya bakteria watatu: nimokokasi, meningokokasi na Hib. Upasuaji ukiwa umepangwa, chanjo hutolewa angalau wiki 2 kabla. Ukiwa wa dharura, hungojewa kama wiki 2 baada yake. Kenya iliiingiza Hib katika chanjo za watoto wachanga mwaka 2001 na ile ya nimokokasi mwaka 2011, kwa hiyo mtoto wa Nyamarambe huenda ana kinga ambayo mama yake hajawahi kuipata, na mama ndiye anayesahaulika. Chandarua si cha msimu kwake tena. Watoto hupewa penisilini kila siku kwa miaka, na mtu mzima huweza kupewa dawa ya kukaa nayo nyumbani, aimeze homa ikianza akiwa njiani kuelekea hospitali.

Na lipo jambo la maabara. Dawa ya artemisinini huua vimelea haraka, lakini anayewaondoa maiti wao kutoka ndani ya seli nyekundu ni bandama. Kwa asiyekuwa nalo, vimelea waliokufa huendelea kuonekana kwenye darubini siku nyingi baada ya dozi kumalizika. Mhudumu asiyejua historia yake atadhani dawa imeshindwa, aibadilishe, na pengine aache kuitafuta sababu halisi ya homa. Kwa hiyo kwenye jalada la daftari lake la hospitali, juu kabisa, kwa herufi kubwa, paandikwe kwamba hana bandama, mwaka aliotolewa, na chanjo alizopata na tarehe zake. Na mtu mmoja zaidi nyumbani ajue daftari hilo linawekwa wapi, kwa kuwa siku homa itakapokuja kwa nguvu mwenyewe huenda asiweze kusema.